Friji ya Daktari Chelang'at na Mteremko wa Sigowet

Sotik,
Jumapili alasiri

Baba yangu mpendwa,

Kabla sijasema lolote, nipe habari za nyonga yako. Ndugu yangu Ouma aliniambia kwamba sasa unatembea mpaka relini na kurudi bila fimbo, lakini Ouma hapendi niwe na wasiwasi, kwa hivyo nataka nisikie kwako mwenyewe. Na Mama, je, kifua kimepoa sasa vumbi la Makindu limepungua? Mimi ni mzima. Nimeongeza sweta la pili, la kuvaa juu ya lile la kwanza, maana huku kila siku ikifika saa nane mawingu yanashuka juu ya majani chai na mvua inaanza, na ukiwa umeanika nguo umeumia.

Nimekuandikia kwa karatasi kwa sababu najua simu na masikio yako havielewani tena, na pia jambo lenyewe lina namba nyingi na mchoro, ambao nimeuweka nyuma ya ukurasa wa mwisho. Halafu kuna sehemu ambayo sikutaka kuipiga kelele kwenye simu nikiwa gereji. Nilikosea, Baba. Nilikosea kwa kitu ulichonifundisha mwenyewe, na kuna mtu aliyeumia kwa sababu hiyo.

Kuna mwanamke huku anaitwa Daktari Chelang'at. Ni daktari wa mifugo, miaka hamsini na kitu, mrefu, anaongea polepole na kucheka haraka. Alikuwa mfanyakazi wa serikali miaka mingi, akaacha, akaanza kuzunguka peke yake kwa wafugaji wadogo, wale wenye ng'ombe wawili na kuku thelathini ambao hakuna anayewatembelea. Shida yake ilikuwa barabara. Ukitoka Kericho ukaingia ndani huko Sigowet, ukimaliza kazi mvua imenyesha, udongo umekuwa sabuni, na hurudi tena siku hiyo. Kwa hivyo alinunua gari la kulala. Ni kama basi dogo, lakini ndani kuna kitanda, meza, jiko la gesi, sinki la kuoshea vyombo, na sola juu ya paa. Wazungu wawili wazee walikuwa wamezunguka nalo Afrika, wakachoka, wakaliuza, wakapanda ndege. Watoto huku wanaliita nyumba yenye tairi.

Na ndani yake kuna friji. Daktari alilileta gari gereji kwetu Kericho, ninakofanya kazi, nimwangalilie hiyo friji tu, kwa sababu alitaka kubebea chanjo ya kideri, ule ugonjwa unaomaliza kuku wa kijiji kizima kwa wiki moja. Chanjo hiyo lazima ikae kati ya nyuzi mbili na nane. Ikipata joto inakufa, na ukiiangalia kwa macho huwezi kujua kwamba imekufa.

Nilipofungua mlango wa nyuma wa ile friji nilicheka peke yangu. Ilikuwa friji ya moto, Baba, ndugu kabisa wa ile uliyokuwa ukitengeneza kwa zahanati ya misheni, ile ya mafuta ya taa, yenye utambi. Hii inatumia gesi badala ya mafuta ya taa, na ukitaka inaweza pia kutumia betri au stima ya ukutani. Lakini haina injini. Haina kitu kinachozunguka. Nilikumbuka vile ulivyokuwa ukisema kwamba friji isiyo na injini haina cha kuharibika, na nikajisikia kama nimekutana na mtu wa kwetu.

Nikawasha gesi pale pale kwenye uwanja wa gereji, nikaweka chupa sita za maji, nikaweka kipimajoto changu ndani, nikaenda kulala. Asubuhi kilisoma nne. Nikamwambia, "Daktari, iko sawa kabisa. Nenda." Halafu nikatoa kipimajoto changu nikakirudisha kwenye kisanduku changu cha vifaa, kwa sababu ni changu. Hilo ndilo ninaloliwaza zaidi.

Daktari akaenda Sigowet. Akaegesha kando ya kanisa moja, mahali penye nyasi, akakaa siku tatu. Watu walileta kuku kwa vikapu, kwa magunia yaliyotobolewa, wengine kwapani. Kila kuku tone moja jichoni. Mama mmoja anayeitwa Mama Cheptoo alileta kuku wake wote, sitini na wawili. Ni mjane. Mayai ya kuku hao ndiyo yaliyokuwa yakiuzwa hotelini pale sokoni, na hao kuku ndio waliomsomesha Cheptoo mpaka chuo cha ualimu.

Baada ya wiki chache kideri kilikuja. Kwa Mama Cheptoo walibaki wawili.

Daktari alirudi gereji akiwa amevaa koti lake la kazi, lakini hakuwa amefanya kazi. Alikaa juu ya tairi kuukuu. Nilimletea chai hakuinywa.

"Atieno," akasema, "watu wanasema niliwawekea maji."

"Maji gani?"

"Kwa macho ya kuku. Wanasema nilikuwa na maji kwa chupa. Na Sosiot, kule mwenzangu alichanja na dawa kutoka kwa boksi moja na yangu, kuku wako hai. Kwa hivyo si dawa." Akaniangalia. "Uliniambia friji iko sawa."

"Ilikuwa sawa, Daktari. Nilisoma nne."

"Najua ulisoma nne," akasema. "Mimi sikusoma chochote. Niliweka mkono ndani, nikasikia baridi. Lakini Sigowet asubuhi hata kabati la nguo lina baridi."

Tuliwasha friji tena pale pale uwanjani, mbele yake, kipimajoto ndani. Kesho yake asubuhi kilisoma tano. Mkubwa wangu wa gereji akasema basi shida ni ya daktari, friji imeshinda kesi, turudi kazini. Lakini mimi sikulala vizuri. Kama friji ni nzima na dawa ni nzima, basi kuna kitu cha tatu, na nilitaka kukijua kama vile mtu anavyotaka kukwaruza mahali panapowasha.

Niliomba siku za likizo, nikapanda gari na Daktari. Tukaenda Sosiot, kwa sababu Daktari hakuwa tayari kuonekana Sigowet. Tuliegesha kwa binamu yake, ukingoni mwa shamba la chai, kwenye mteremko, kwa maana huku ukitafuta mahali tambarare utatafuta mpaka uzeeke. Niliwasha gesi mchana. Moto ulikuwa mzuri, wa buluu. Jioni kipimajoto kilisoma kumi na tatu. Asubuhi kumi na moja, na hiyo ilikuwa tu baridi ya nje iliyoingia. Friji ilikuwa kabati.

Nikasafisha bomba la moto. Nikabadilisha mtungi. Nikafikiri ni upepo, nikaziba upande mmoja kwa gunia. Nikafikiri ni urefu wa mlima, hewa ni nyepesi, lakini Kericho mjini ni juu vilevile na kule inafanya kazi. Chanjo mpya ya Daktari tulikuwa tumeihamishia friji ya jirani tangu jioni ile, nami nikabaki nikizunguka lile gari kama kuku anayetafuta mahali pa kutaga. Daktari alinionea huruma, akanichemshia chai, akaiweka mezani ndani ya gari akaniita nije nikae.

Nilikaa. Nikatazama kikombe. Chai ilikuwa imeegemea upande mmoja. Upande wa dirisha ilikuwa karibu kumwagika, upande wangu vidole viwili chini.

"Daktari," nikasema, "Sigowet uliegesha wapi? Palikuwa tambarare?"

"Atieno, pale kanisani mimi nililala nimejishikilia kitandani nisianguke."

Niliacha chai pale pale. Binamu yake alikuwa na fundi anayejenga zizi, nikaazima pima maji yake, ile ya kupimia usawa yenye povu ndani ya kioo, nikaiweka juu ya sakafu ya friji. Lile povu lilikuwa limekimbilia pembeni kabisa. Tukatafuta mawe na vipande vya mbao, Daktari akapandisha gari juu yake polepole huku mimi nikimpigia kelele aende, asimame, arudi kidogo, mpaka povu likaja katikati. Sikugusa kitu kingine chochote. Ilikuwa saa nne asubuhi. Kufikia saa kumi kipimajoto kilisoma saba, na asubuhi nne.

Baba, nilifurahi kwanza. Lazima nikwambie ukweli, nilifurahi sana hata nikaruka, na Daktari akaniangalia tu. Ndipo nikakumbuka kuku.

Wewe unajua kwa nini, lakini niache niseme nilivyoelewa, unisahihishe. Ndani ya yale mabomba ya nyuma kuna maji na amonia. Moto unachemsha, amonia inapanda kama mvuke, inapoa huko juu, inashuka yenyewe taratibu, na katika safari hiyo ya kushuka ndipo inaponyonya joto la vitu vilivyo ndani. Hakuna pampu ya kuisukuma. Inateremka kwa sababu bomba limeinamishwa kidogo upande unaotakiwa. Ukiegesha gari kwa mteremko, bomba linainama vingine, ule umajimaji unakwama njiani, na moto unaendelea kuwaka bure. Gari likiwa linatembea si neno, kwa sababu linayumba huku na huku. Shida ni likisimama. Na uwanja wa gereji yetu umemwagwa zege, ni sawa kama meza.

Nina swali moja ambalo limenisumbua. Ile friji ya zahanati ilikuwa na vipande vya mbao chini ya mguu mmoja. Nilikuwa nikikushikia taa, na kila tulipoenda ulianza kwa kuvigusa vile vipande. Nilidhani ni kwa sababu sakafu ya zahanati ilikuwa mbovu. Ulikuwa unajua? Kama ulikuwa unajua, hukuniambia, au uliniambia nami nilikuwa natazama mwali wa taa? Sikulaumu. Nataka tu kujua, maana nimejaribu kukumbuka sauti yako ikisema hivyo na siipati.

Basi Daktari akaniuliza: huku kote ni vilima, je, nitakuwa nabeba mawe kila mahali? Kuna friji gani nyingine, na sola yangu itaiweza? Sikutaka kumwambia tena "iko sawa" kwa kukisia. Nikamwomba wiki mbili. Nikaazima friji kila pembe ya Kericho. Mwenye kuuza aiskrimu kwa gari alinipa yake ya kompresa, ile ndogo yenye pampu inayokula betri moja kwa moja. Mke wa mkubwa wangu alinipa ya nyumbani, ya kawaida, nikaifunga kwa inveta, kile kifaa kinachogeuza nguvu ya betri iwe kama stima ya ukutani. Mhudumu wa duka la dawa alinipa kile kisanduku cha baridi kinachochomekwa mahali pa kuwashia sigara kwenye gari. Hivyo vitatu na friji ya moto yenyewe, vinne. Kila kimoja nilikipa siku nzima mchana na usiku, chupa sita zile zile, kipimajoto kile kile, betri ile ile ya ampea mia iliyojaa, na mita katikati ya kuhesabu kila kinachopita. Watu wa gereji walinicheka, lakini kufikia siku ya tatu walikuwa wakija asubuhi kabla ya kazi kuuliza nani anaongoza.

Nianze na rafiki yako. Friji ya moto ukiiweka kwenye gesi haili betri karibu chochote, na mtungi mdogo unaipeleka siku nyingi. Hapo wewe umeshinda. Lakini ukiitoa kwenye gesi ukaiweka kwenye betri, Baba, ni mlafi! Inavuta ampea kumi, na haipumziki hata dakika moja, kwa sababu sasa inatengeneza joto kwa waya, kama pasi. Niliianza asubuhi, na kabla ya chakula cha mchana ilikuwa imekula nusu ya betri. Nikaizima kwa huruma.

Kile kisanduku kidogo ndicho kilichonishangaza. Watu hudhani kidogo kinakula kidogo. Kinavuta ampea nne tu, lakini na chenyewe hakijui kupumzika, kwa hivyo siku ikiisha kimemaliza betri karibu yote. Na hakina akili. Hakijui kama ndani ni mbili au kumi, kinajua tu kushusha joto kiasi fulani chini ya lile la nje. Usiku wa Kericho kiligandisha chupa iliyokuwa karibu na ukuta. Nilipokipeleka Soin, kule chini kwenye joto ambako unaweza kufikiri uko Makindu, mchana kilisoma kumi na mbili.

Friji ya nyumbani si mbaya, kumbe. Kosa ni la inveta. Hata friji ikinyamaza, inveta yenyewe inakunywa kidogo kidogo kama mgeni asiyeaga, na friji ikianza tena inapiga teke linaloizima inveta ndogo. Jumla ilikuwa ampea sitini na kitu kwa siku.

Ya kompresa ndiyo niliyokaa nikiitazama. Inavuta ampea nne ikiwaka, sawa na kile kisanduku, na kwa hivyo nilitarajia matokeo sawa. Lakini ikifika nne inazima. Inakaa. Nilihesabu kwa saa: inafanya kazi dakika kumi na mbili, inapumzika karibu nusu saa. Siku nzima Kericho, jumla ilikuwa ishirini na nane tu kati ya zile mia za betri. Soin kwenye joto, arobaini na moja. Halafu nikaipandisha upande mmoja juu ya tofali moja, kisha mawili, kisha matatu, mpaka mkubwa wangu akaniambia itaanguka, na namba haikubadilika, kwa maana ina pampu, inasukuma, haingojei kitu kiteremke chenyewe. Nilikuwa nimefikiri swali ni nani anavuta nguvu nyingi. Kumbe swali ni nani anajua kuacha.

Sola ya Daktari siku njema inajaza betri mapema. Siku ya ukungu inaleta kama thelathini tu, nimepima. Kwa hivyo kompresa inapita hata Kericho, kwa shida kidogo, na Soin jua liko la kutosha. Tumeiweka. Ile ya moto tumeiondoa, na mahali pake sasa Daktari anaweka gambuti, viatu vyake vya matope. Usikasirike. Nimeihifadhi yenyewe gereji, siwezi kuitupa.

Sasa sehemu ngumu. Nilifikiri kazi yangu imekwisha, nikamwambia Daktari akifika Sigowet awaambie friji iliharibika, sasa ni mpya.

"Haikuharibika," akasema.

"Lakini wataelewa hivyo haraka."

"Wataelewa vibaya haraka. Atieno, mimi sikuweka kipimajoto. Hilo nitasema mimi. Wewe uliniambia niende. Hilo utasema wewe. Jumapili utakuja nami."

Wiki hiyo nilitafuta sababu zote za kuugua, na mwili ukakataa. Tukaenda. Watu walikuwa wakitoka ibada, wakakaa kwenye nyasi, na mchungaji akawaomba watusikilize. Daktari aliongea Kipsigis, muda mrefu, na nikaona anavyoinamisha kichwa. Kisha akaninyooshea mkono mimi. Nilisimama na Kiswahili changu. Nilisema jina langu, na jina langu peke yake linawaambia mimi si wa kwao, nikasikia mtu nyuma akinong'ona. Nikasema mimi ndiye niliyeipima friji mahali tambarare nikamwambia daktari ni nzima, na kwamba sikufikiria mlima. Nikasema dawa ilikufa ndani ya gari kwa sababu ya kutojua kwangu, na si maji, na Daktari hakuwadanganya. Mzee mmoja akauliza kama tutalipa kuku wote wa Sigowet. Mwingine akasema wageni wanakuja kujifunzia kazi kwa mifugo ya watu. Hilo lilikuwa kweli.

Mama Cheptoo alikuwa amekaa mbele, kitambaa cha kijani kichwani, mwanamke mdogo wa mwili. Akanyanyuka.

"Hii mpya," akauliza, "ukiiweka kwa mteremko kama wa kwangu?"

"Niliijaribu juu ya matofali matatu, Mama."

"Sikuuliza matofali. Kwangu ni mteremko mkali kuliko hapa. Leteni."

Tukalipeleka gari kwake. Baba, kile si kiwanja, ni ukuta wenye nyasi. Tulizuia tairi kwa mawe ili tusiishie mtoni. Mama Cheptoo akapanda ndani, akafungua friji mwenyewe, akatazama kipimajoto, akafunga. Akaniuliza kila kitu. Huu waya unaenda wapi? Mbona sasa imenyamaza, imekufa? Nikamwambia imepumzika. Akangoja, amesimama, mkono juu ya kifuniko, mpaka ikaanza tena kuunguruma, akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyejibiwa. Alinipa kitanda kwa nyumba yake, Daktari akalala garini. Siku mbili alikuwa akienda na kurudi: kabla ya kukamua, baada ya kukamua, akitoka kuchuma chai, akirudi kupima chai kituoni. Aliandika namba nyuma ya kalenda. Nne. Nne. Tano, na hapo akatuita wote wawili, tukamweleza kwamba Daktari alikuwa ameacha mlango wazi akitafuta maziwa. Akamgombeza Daktari. Nne.

Siku ya pili tukila jioni nilimwambia pole, mimi na yeye tu, bila mkutano. Alikuwa akikoroga ugali. Akasema, "Wale kuku nilikuwa nawajua mmoja mmoja. Asubuhi bado natoka na mahindi mkononi." Akaendelea kukoroga. Nikamshikia sufuria.

Asubuhi ya tatu alikuja garini na kuku wawili waliobaki, mmoja mwekundu, mmoja wa madoa. Daktari akamwambia hao waliponea, huenda wana kinga yao tayari, si lazima. "Weka," akasema Mama Cheptoo. Nikashika vichwa, Daktari akadondosha tone. Majirani walikuwa wamesimama kwenye ua wakitazama, na hakuna aliyesogea. Nilijua ilivyokuwa. Kuku wawili wa mtu mmoja si kitu cha kuwafanya watuamini.

Tulipokuwa tukiondoa mawe kwenye tairi, Mama Cheptoo alifunga mlango wa nyumba yake kwa kufuli, akampa jirani ndoo ya kukamulia, akapita mbele yetu na kalenda yake chini ya kwapa, akapanda kiti cha mbele.

"Mama, unaenda wapi?" Daktari akauliza.

"Soin. Dada yangu ana kuku arobaini na watoto wake wana wengine. Nyinyi hawatawaamini." Akafunga mkanda. "Mimi wataniamini. Twende kabla jua halijawa kali, nataka kuona hiyo arobaini na moja yenu ya betri kwa macho yangu."

Nilipanda nyuma, nikakaa kitandani karibu na friji. Mpaka tunafika Soin aligeuka mara tatu kuniuliza inasoma ngapi.

Hiyo ilikuwa wiki iliyopita. Kwa dada yake tulichanja kuku wote, na wa jirani zake. Sasa tuko Sotik, kesho ni siku ya soko na tutachanja tena.

Baba, mpe Mama salamu zangu na umwambie kitambaa alichonishonea ndicho nimejifunga kiunoni hivi sasa. Msalimie Ouma ndugu yangu, na mke wake, na umwambie mtoto aliyezaliwa asipewe jina mpaka nimwone. Shangazi Dorka naye, aliyekaa nami nilipokuwa mgonjwa, umsalimie kwa kumshika mikono yote miwili. Na mzee mwenzako wa reli, yule fundi wa breki, msomee ile sehemu ya matofali, najua atabisha.

Niandikie kuhusu vile vipande vya mbao, hata kama ni kunigombeza.

Mimi binti yako anayekupenda,
Atieno